Rivolva ya Magnum Yenye Fremu ya Wastani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yametokana na yale ambayo wamiliki husema baada ya kukaa na bastola hizi za silinda inayozunguka kwa miaka na kuzipiga maelfu ya risasi, si yale wanayosema siku ya kuitoa kwenye boksi. Yamekusudiwa mtu ambaye sheria ya nchi yake inamruhusu kumiliki silaha na anayetaka kununua moja itakayomfaa kwa muda mrefu. Kama kibali bado hujapata, anza na kibali.

Fremu ya wastani ni ipi hasa?

Ni mwili wa bastola wa ukubwa wa kati. Si ule mdogo wa kuingia mfukoni wenye risasi tano, wala si ule mkubwa uliotengenezwa kwa ajili ya .44 Magnum. Smith & Wesson huzipa fremu zao herufi: J ni ndogo, K na L ni za kati, N ni kubwa. Kwa Ruger, ya kati ni GP100. Kwa Colt, ni Python. Zote hizi, zikiwa na mtutu wa takriban inchi nne, zina uzito wa kati ya kilo 1.05 na 1.2 bila risasi.

Uzito huo wengi huuona kasoro siku ya kwanza na huushukuru baadaye. Magnum ni risasi yenye teke, na kitu kinacholipunguza teke kwa uhakika kabisa ni uzito wa chuma kilichomo mkononi. Mtu anayenunua nyepesi ili asichoke kuibeba mara nyingi huishia kuibeba tu bila kuipiga, na bastola usiyoipiga huwezi kuilenga vizuri.

Kwa nini .357 Magnum na si kubwa zaidi?

Kwa sababu ndiyo magnum inayoenea vizuri kwenye fremu hii. Risasi yenyewe ilitoka mwaka 1935, kazi ya Smith & Wesson pamoja na Winchester, kwa kulirefusha ganda la .38 Special. Bastola ya kwanza kuipiga ilikuwa ya fremu kubwa ya N. Ilichukua miaka 20, hadi 1955, ndipo Smith & Wesson walipoiingiza kwenye fremu ya K. Aliyewasukuma ni Bill Jordan, wa doria ya mpakani ya Marekani, aliyetaka silaha yenye nguvu ambayo askari anaweza kuivaa kiunoni kutwa nzima. Bastola hiyo iliitwa Combat Magnum, na baadaye ikapewa namba: Model 19. Magnum ya fremu ya kati ilianzia hapo, na hata ubishi unaoihusu mpaka leo ulianzia hapo hapo.

Ni kweli naweza kupiga .38 Special ndani yake?

Ndiyo, na hii ndiyo sababu kubwa ya kuinunua. Kipenyo cha kichwa cha risasi ni kilekile. Kinachotofautiana ni urefu wa ganda: milimita 29.3 kwa .38 Special, milimita 32.8 kwa .357 Magnum. Kikomo cha shinikizo kwa viwango vya Marekani ni psi (pauni kwa inchi ya mraba) 17,000 kwa .38 ya kawaida na psi 35,000 kwa .357, yaani zaidi ya maradufu. Kinyume chake hakifai kabisa: usijaribu kupiga .357 kwenye bastola ya .38. Urefu ule wa ziada umewekwa makusudi ili risasi isiingie.

Waulize wenye nazo wanapiga nini siku za mazoezi na jibu ni lilelile: .38, sanduku baada ya sanduku, kisha magnum chache za kumalizia ili mkono usisahau. Sioni sababu ya kuona haya kwa hilo. Ukijifunza kuvuta triga vizuri kwa risasi laini, ujuzi huo unahama nawe. Ukianza na magnum kali kabla hujazoea, kinachohama ni tabia ya kufumba macho na kukaza kiganja kabla ya mlio, na hiyo huchukua muda mrefu kuiondoa.

Jambo moja tu la kuangalia: ganda fupi huacha mzunguko wa masizi ndani ya tundu la silinda, mbele kidogo ya mdomo wake. Ukipiga .38 nyingi kisha ukaingiza .357 bila kusafisha, ganda refu hukwama kwenye masizi hayo, likawa gumu kuingia au kutoka. Sugua matundu yote kwa brashi ya shaba kabla ya kubadilisha.

Ninunue Smith & Wesson 686 au Ruger GP100?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na wanaobishana zaidi ni wale wenye moja tu kati ya hizo mbili. Wenye zote mbili husema kwa utulivu zaidi.

GP100 ilianza kuuzwa mwaka 1985. Fremu yake haina kifuniko cha pembeni. Ukuta wa chuma ni kamili pande zote, na vifaa vya ndani hutolewa kwa chini, pamoja na kinga ya triga. Silinda yake hufungwa kwenye fremu kwa mbele pale penye mkono wake (chuma kinachoibeba silinda inapofunguliwa), pamoja na kufungwa nyuma na chini, kwa hiyo kijiti cha kutolea maganda hakihusiki na kufunga silinda. Mtu asiyekuwa fundi anaweza kuifungua, kuisafisha na kuirudisha akiwa na bisibisi na pini ndogo tu. Wamiliki wanaopiga magnum kali mara kwa mara huipenda kwa sababu hiyo, na sijakutana na lalamiko la maana kwamba imelegea kwa kupigwa sana. Lalamiko lao kubwa ni triga: ikiwa mpya huwa nzito, na huhisi kama ina mchanga ndani. Inalainika kwa matumizi, lakini inataka uvumilivu.

686 ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1980 pamoja na ndugu zake 581, 586 na 681, kwenye fremu mpya ya L. Fremu hiyo ilibuniwa mahsusi kutibu udhaifu wa fremu ya K, ambao nitaueleza hapa chini. Triga yake mara nyingi ni laini tangu siku ya kwanza, na wanaoshindana kwenye shabaha huipendelea. Ina kifuniko cha pembeni, kwa hiyo kuifungua kunataka uangalifu: kifuniko hakibanduliwi kwa kuchokonolewa na bisibisi. Hulegezwa skrubu, kisha fremu ya mpini ikagongwagongwa kwa kipini cha mbao mpaka kifuniko kijiinue chenyewe. Ukiona alama za mikwaruzo ukingoni mwa kifuniko, ujue aliyetangulia hakujua hilo.

Ushauri wangu: kama utapiga magnum nyingi na hupendi kutegemea fundi, GP100. Kama utapiga zaidi .38 kwenye shabaha na unajali triga kuliko kitu kingine, 686. Kama mpini wa mojawapo haukukai mkononi, sahau yote niliyosema na uchukue ile inayokukaa.

Nasikia 686 za zamani ziliitwa kiwandani. Je, nizikwepe?

La, ila zikague. Baadhi ya L za miaka ya mwanzo, zilizotengenezwa kabla ya katikati ya 1987, zilikuwa na tatizo: kwa aina fulani za risasi, fataki iliyo kitakoni mwa ganda ilivimba na kusukumwa nyuma ndani ya tundu la pini ya kupigia, silinda ikagoma kugeuka. Kampuni iliziita na kuzirekebisha, na zile zilizorekebishwa zilipigwa herufi M karibu na namba ya modeli. Fungua silinda, angalia kwenye fremu pale mkono wa silinda unapolala. Ukiiona M, kazi ilishafanyika.

Na Model 19 na 66? Ni kweli zinapasuka?

Zingine zimepasuka (66 ni 19 ya chuma kisichoshika kutu), na sababu inajulikana, kwa hiyo hakuna haja ya kuogopa wala ya kukanusha.

Ili mkono wa silinda ya fremu ya K upate nafasi, sehemu ya chini ya kitako cha mtutu, pale risasi inapoingilia ikitoka kwenye silinda, ilikatwa ikawa bapa. Ukiifungua silinda na kumulika tochi utaona: duara lote ni nene isipokuwa upande wa chini kabisa. Hapo ndipo nyufa zilipoanzia. Na si kwa kila risasi. Zilizolaumiwa zaidi ni zile zenye vichwa vyepesi vya greni (kipimo cha uzito wa kichwa) 110 na 125 zinazokwenda kasi sana. Kichwa kifupi hutoka kwenye ganda mapema, moto na baruti isiyoungua vikakipita na kukikwangua kitako cha mtutu kabla hakijaingia vizuri. Vichwa vya greni 158 ni virefu zaidi na huziba njia vizuri zaidi, kwa hiyo wamiliki wa siku nyingi huvipendelea.

Bastola hii haikukusudiwa kulishwa magnum kali asubuhi hadi jioni. Ilikusudiwa kubebwa na magnum na kufanyiwa mazoezi kwa .38, na waliofuata utaratibu huo wanazo mpaka leo zikiwa nzima. Tena ni nyepesi kidogo kuliko L, inakaa vizuri kiunoni, na mizani yake mkononi ni ya pekee. Kwa mtu wa .38 anayetaka uwezo wa kupiga magnum pale inapobidi, bado naiona kuwa bastola nzuri kuliko zote katika orodha hii.

Smith & Wesson waliirudisha Model 66 mwaka 2014 na Model 19 mwaka 2018. Mpya hizi zimebadilishwa: kitako cha mtutu hakikatwi tena kwa chini, na mkono wa silinda una kufuli ya gololi kwa mbele. Tatizo la zamani halihusu hizi.

Colt Python inastahili sifa zake?

Ile ya kwanza, iliyotoka 1955, ilifanyiwa kazi ya mikono kiasi ambacho viwanda vya leo haviwezi kulipia, na ung'aaji wa chuma chake bado unawatoa watu machozi. Lakini mfumo wake wa ndani ni mgumu kurekebisha. Kidole cha chuma cha ndani kinachoisukuma silinda huendelea kuibana hata triga inapofika mwisho, ndiyo maana silinda haitikisiki hata kidogo wakati wa kupiga. Gharama ya ubanaji huo ni kwamba sehemu hizo huchakaa, na mafundi wanaozijua wamebaki wachache. Kama unanunua ya zamani, hakikisha kwanza fundi unaye.

Python iliyorudi mwaka 2020 ina mfumo wa ndani tofauti, wenye vipande vichache, na fremu iliyoongezwa chuma kwa juu. Wenye nayo huisifu triga yake, laini bila kupanda na kushuka. Kumbuka kwamba silinda za Colt huzunguka kuelekea kulia, na za Smith & Wesson na Ruger kushoto. Vilevile kitufe cha kufungulia silinda ya Colt unakivuta nyuma, cha Smith & Wesson unakisukuma mbele, cha Ruger unakibonyeza ndani. Ukiwa na mbili za makampuni tofauti, mkono utachanganyikiwa kila unapotoka moja kwenda nyingine.

Kuna nyingine za kufikiria?

Manurhin MR73 ya Ufaransa, ya mwaka 1973, ndiyo iliyobebwa na kikosi maalumu cha jandarmi ya Ufaransa, GIGN, na ilijengwa kwa ajili ya kupigwa magnum nyingi kuliko nilivyoona kwenye bastola yoyote ya ukubwa huu. Kuipata ni kazi na bei yake haina huruma. Kwa upande wa nafuu zipo za Taurus. Wamiliki wa Taurus hugawanyika: mmoja amepiga miaka bila hitilafu, mwingine ameirudisha ndani ya wiki. Kwa hiyo ukaguzi wa dukani una uzito zaidi kwa hizi. Ruger Security-Six, iliyotangulia GP100, bado inapatikana mitumba na ni imara sana kwa uzito wake.

Mtutu wa inchi ngapi?

Nne, isipokuwa kama una sababu. Mtutu wa inchi nne unakipa kichwa cha greni 158 mwendo wa takriban mita 375 kwa sekunde, mizani inabaki nzuri, na kijiti cha kutolea maganda kina urefu wa kutosha.

Hilo la mwisho husahaulika. Kwenye mitutu ya inchi mbili na nusu kijiti ni kifupi, hakiwezi kulisukuma ganda refu la magnum mpaka litoke lote. Unabaki ukichomoa maganda kwa kucha. Tena mtutu mfupi huacha baruti nyingi ikiungulia nje, kwa hiyo unapata mwali mkubwa na mlio mkali zaidi kwa mwendo mdogo zaidi. Inchi tatu ni maelewano mazuri kwa anayebeba. Sita ni ya shabaha na uwindaji: umbali kati ya vilengeo unaongezeka, teke linapungua, ila mbele panakuwa pazito.

Risasi sita au saba?

686 Plus na baadhi ya GP100 zina matundu saba. Watu hudhani silinda ya saba ni dhaifu kwa kuwa kuta ni nyembamba. Kuna jambo wasiloliona: kwenye silinda ya sita ya Smith & Wesson, vishimo vya kufungia silinda viko juu ya matundu yenyewe, mahali chuma kilipo chembamba. Kwenye ya saba vinaangukia katikati ya tundu na tundu, penye chuma kingi. Kwa hiyo usiikatae saba kwa hofu. Ila vipakizi vya haraka (vya kuingiza risasi zote kwa mara moja) vya sita havitaiingia.

Mpini una umuhimu kiasi gani?

Kuliko chapa. Ishike bastola, hakikisha haina risasi, elekeza pahala salama, na uangalie kidole kinavyoifikia triga wakati mtutu umenyooka sambamba na mkono. Kama ni lazima uizungushe bastola kiganjani ili kidole kifike, mpini ni mnene kwako, na teke litakuja kwenye kifundo cha dole gumba badala ya kwenye mkono wote.

Bahati nzuri mpini hubadilishwa. Mipini ya mpira ya kampuni za Hogue na Pachmayr ndiyo wengi huishia nayo kwa magnum, kwa sababu inafunika uti wa nyuma wa fremu au kuulainisha. Ya mbao ni mizuri kwa macho na kwa .38. GP100 ina faida hapa: ndani ya mpini hakuna fremu kamili, ni kijiti tu cha chuma, kwa hiyo mpini unaweza kuchongwa kwa umbo na wembamba wowote. Mwenye mkono mdogo aanze na hiyo.

Triga nzito ninaweza kuilegeza?

Kuvuta moja kwa moja bila kukoki (kuivuta nyundo nyuma kwa dole gumba) kwa kawaida huhitaji nguvu ya kilo nne na nusu hadi tano na nusu. Ukikoki nyundo kwanza, hushuka mpaka kilo mbili hivi. Watu wanataka kupunguza ile ya kwanza, na njia ya mkato kwenye Smith & Wesson ni kulegeza skrubu iliyo mbele ya mpini inayoibana springi kuu. Usifanye hivyo. Skrubu ile imekusudiwa kukazwa mpaka mwisho. Ikilegezwa, triga inakuwa laini na nyundo inagonga kwa unyonge, fataki haziwaki. Bastola iliyotumika inapokataa kuwasha risasi, hilo ndilo jambo la kwanza la kukagua, na mara nyingi tiba ni nusu mzunguko wa bisibisi.

Springi laini za kununua zipo, na hufanya kazi, mradi baada ya kuzibadilisha upige risasi za kutosha za aina ileile unayokusudia kutumia. Lakini njia bora kwa wengi ni kufyatua bila risasi jioni kwa jioni. Chuma kinalainishana, na kidole nacho kinajifunza. Bastola za kisasa zinazihimili fyatua hizo. Kwa zile za zamani, na kwa zote ukitaka amani ya moyo, tumia risasi bandia za mazoezi. Risasi za kweli ziwe chumba kingine kabisa.

Kufuli ya ndani na vipande vya MIM ni tatizo?

Smith & Wesson nyingi za kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000 zina tundu dogo la ufunguo juu ya kitufe cha silinda. Wengi hawalipendi kwa sura na kwa wazo lenyewe. Visa vya kufuli kujifunga yenyewe husimuliwa zaidi kwa bastola nyepesi mno zinazopigwa risasi kali. Kwa chuma kizito cha 686, nisingeacha kununua kwa sababu hiyo.

MIM ni vipande vilivyotengenezwa kwa unga wa chuma uliosukumwa kwenye kalibu kisha ukachomwa mpaka ukashikana. Havipendezi kama vya kuchongwa, lakini vinatoka sawasawa kila kimoja, na triga nyingi za leo ni laini kwa sababu hiyo. Kilichonisumbua zaidi kwenye bastola mpya ni umaliziaji: mitutu iliyofungwa ikapitiliza kidogo, kilengeo cha mbele kikainama upande. Hilo unaliona kwa jicho, kabla hujalipa.

Nimepata iliyotumika. Niikague vipi?

Omba ruhusa ya muuzaji. Fungua silinda, angalia matundu yote, kisha angalia tena. Elekeza pahala salama muda wote.

Anza na mpangilio wa silinda. Funga, weka kidole cha mkono wa kushoto kwenye silinda ukiibana kidogo kabisa kama breki, kisha koki nyundo polepole kwa dole gumba. Sikiliza. Kabla nyundo haijafika mwisho unapaswa kusikia kitasa cha chini kikiingia kwenye kishimo chake: tik. Kama nyundo imefika mwisho na silinda bado haijajifunga, mpangilio umechakaa. Rudia kwa kila tundu, kwa sababu huwa linaharibika moja huku mengine yakiwa mazima. Ukirudisha nyundo, ishikilie kwa dole gumba mpaka chini.

Sasa koki, na ukiwa umeizuia nyundo, isukume mbele taratibu kwa dole gumba bila kugusa triga. Haipaswi kuponyoka. Ikiponyoka, mtu ametia tupa ndani. Irudishe mezani na uondoke.

Vuta triga ukaishikilie nyuma kabisa, kisha jaribu kuizungusha silinda kushoto na kulia. Mchezo mdogo ni kawaida; Python ya zamani pekee ndiyo inayotakiwa iwe imeganda. Isukume mbele na nyuma pia. Kama inakwenda na kurudi kwa kiasi cha kuonekana, imelegea kwa mbele na nyuma. Hutibika kwa kuongezwa pete nyembamba, lakini inakuambia imepigwa sana.

Mwanya kati ya silinda na mtutu upime kwa fila geji kama za mafundi magari. Kati ya milimita 0.10 na 0.20 ni sawa. Ukifika 0.25, uliza maswali. Ukiwa mdogo mno, masizi yatakwamisha silinda baada ya sanduku moja.

Mwisho, tochi na karatasi nyeupe. Angalia kitako cha mtutu, hasa upande wa chini kwenye fremu za K. Angalia daraja la juu la fremu, juu ya mwanya: utaona mstari mwembamba uliochongwa na moto. Mstari huo unawatisha wanunuzi wapya, ila kwa kawaida hufika kina fulani kisha ukaacha kuendelea. Ufa ndio wa kuogopa. Mstari ni historia ya risasi zilizopigwa tu.

Mikwaruzo ya nje isikukoseshe mali nzuri. Bastola iliyobebwa sana kwenye ala ya ngozi huchubuka mdomoni na kwenye silinda, huku ndani ikiwa karibu mpya.

Silinda imegoma katikati ya mazoezi. Nini hiki?

Kwanza, mtutu uendelee kuelekea shabaha, na usubiri. Kama risasi haijalia, huenda ikachelewa. Kama mlio ulikuwa mdogo kuliko kawaida, usipige nyingine mpaka umehakikisha kichwa hakijakwama ndani ya mtutu.

Kisha fungua silinda na uangalie chini ya nyota ya kutolea maganda, kile kipande chenye umbo la nyota nyuma ya silinda. Mara nyingi utakuta pale chembe za baruti isiyoungua, ndogo kama pilipili manga iliyosagwa. Chembe moja chini ya nyota inatosha kuiinua sehemu ndogo ya milimita, silinda ikaanza kusugua ukuta wa nyuma na kugoma. Brashi kavu ya meno inamaliza kazi kwa dakika moja. Dawa ya kudumu ni namna ya kutoa maganda: mtutu ulenge juu, upige kijiti mara moja kwa nguvu mpaka mwisho, maganda yaanguke pamoja na uchafu wake. Ukitoa maganda bastola ikiwa imelala, baruti inabaki kwenye nyota, na wakati mwingine ganda linapita chini yake. Hapo ni kazi kweli.

Sababu nyingine: kwenye Smith & Wesson kijiti hicho kinaweza kulegea na kujifungua kidogo kidogo, kikarefuka na kuzuia silinda kufunguka. Uzi wake kwa bastola nyingi za miaka ya karibuni ni wa kushoto, kwa hiyo kaza kinyume na ulivyozoea, ukiwa umeweka maganda matupu kwenye silinda ili usipinde nyota. Na kwa bastola nyepesi sana, teke huweza kukichomoa kichwa cha risasi ambayo bado haijapigwa, kikatokeza mbele ya silinda. Kwa uzito wa fremu ya kati ni nadra.

Kelele na moto nijilinde vipi?

Mlio wa .357 unapita desibeli 160, na sikio huanza kuumia kwa mlio wa ghafla wa desibeli 140. Vaa vizibo ndani ya sikio na vifunika sikio juu yake, vyote viwili, hasa ukiwa ndani ya jengo. Usikivu ukiondoka haurudi. Miwani pia ni lazima, kwa mpigaji na kwa waliosimama pembeni, kwani vipande vya risasi hutoka kwenye mwanya.

Vidole visifike mbele ya kinga ya triga kamwe. Hewa inayotoka kati ya silinda na mtutu ina moto na shinikizo la kukata nyama. Waliozoea bastola za magazini, wanaolaza dole gumba la kushoto mbele pembeni mwa fremu, wabadilishe mshiko kabla ya risasi ya kwanza.

Chuma kisichoshika kutu au cha buluu?

Kisichoshika kutu, kama utaibeba au unaishi penye joto na unyevu. Hata hicho hushika kutu kikiachwa na jasho, ila kinasamehe. Cha buluu, kilichotiwa rangi ya buluu iliyokoza kwa dawa, ni kizuri zaidi, na kinataka kitambaa chenye mafuta kila baada ya kushikwa. Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi, ngozi hutunza unyevu.

Niihifadhi vipi nyumbani?

Ndani ya sefu au sanduku la chuma lenye kufuli, bila risasi, na risasi zikiwa zimefungwa kwingine, isipokuwa sheria yako iseme vingine. Mtoto ana nguvu za kukoki nyundo kabla hajawa na nguvu za kuvuta triga nzito, na ikishakokiwa kilo mbili zinatosha. Usitegemee uzito wa triga kuwa kinga. Kufuli ya kebo ikipitishwa ndani ya fremu silinda ikiwa wazi, bastola haiwezi kufungwa wala kupiga.

Mpya itaaminika baada ya risasi ngapi?

Wengi wenye uzoefu huanza na masanduku kadhaa ya .38, wakiangalia alama ya pini kwenye kila fataki: iwe ya kina na iwe katikati. Alama ikiwa pembeni kwa ganda moja tu, weka alama ya kalamu kwenye tundu hilo uone kama inajirudia. Baada ya hapo ndipo magnum, za aina utakayoitumia, silinda nzima bila kusafisha katikati. Ikimaliza bila kugoma na bila fataki iliyokataa, isafishe, kaza skrubu zote kwa bisibisi inayoenea vizuri, na uipige tena wiki inayofuata. Skrubu zikikutwa zimelegea mara ya pili, tone dogo la gundi ya nyuzi, ile isiyo ya kudumu, linatosha.